Difu ya nyuma
Difu ya nyuma ni mfumo wa gia ulio katikati ya ekseli ya nyuma ya gari. Hupokea mzunguko wa propela shafti na kuupeleka kwenye magurudumu, ikiruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona.

Katika malori mengi ekseli hiyo hufungwa kwenye springi za majani kwa boliti zenye umbo la U. Boliti hizo zikilegea, ekseli inaweza kusogea. Hivyo difu na springi hukaguliwa pamoja.

Oili ya difu hupimwa gari likiwa mahali tambarare: inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Tundu la kupumulia likizibwa na tope, joto huongeza shinikizo na oili huvuja kwenye sili. Oili ikipungua, gia husagika na kuvuma. Ikifika kwenye breki, hupunguza nguvu zake.

Ukaguzi huo ni muhimu kwa malori yanayopita Tinde, mkoani Shinyanga, ambapo barabara ya kutoka Nzega hugawanyika kuelekea Mwanza na kuelekea Kahama hadi Rusumo, mpakani na Rwanda.