Nani Kasema Watanzania Hawasomi?

Ndugu msikilizaji, upo msemo uliozoeleka sana katika vijiwe vya jiji hili la Dar es Salaam, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Watu huusema huku wakicheka. Lakini msemo huo ni tusi, na historia ya nchi yetu inaukanusha.

Tuanzie enzi za mkoloni. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ofisi ya kuchapisha na kueneza vitabu katika nchi za Afrika Mashariki. Ofisi hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba, na wasomaji wengine wakaazimwa vitabu kwa njia ya posta. Kitabu kilimfuata msomaji.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963 ilipitishwa sheria ya huduma za maktaba. Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu, kando ya barabara ambayo leo tunaiita Bibi Titi Mohamed. Lakini mwaka huohuo, takriban watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Maktaba isiyo na wasomaji ni ghala tu.

Ndipo 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikapamba moto. Wazee wenye mvi na akina mama wenye watoto mgongoni wakashika kalamu. Vitabu vyao vya kwanza vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, mambo ya maisha yao wenyewe. Huko Mwanza likatolewa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasomaji wapya, na vijiji vikawekewa maktaba. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila 100.

Mjini nako watu hawakulala. Elvis Musiba alipotoa riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, vijana walimjua mpelelezi Willy Gamba kama wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Baadaye akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi hadi jalada likang'oka. Nani aliwashurutisha? Hakuna. Kiliandikwa kwa lugha wanayoielewa, na kilipatikana.

Basi kulikoni? Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi uliyumba. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, na karatasi nayo ikaadimika. Maktaba nyingi za vijiji zikakosa vitabu vipya. Kisomo ni kama panga, lisiponolewa huota kutu. Sensa ya 2002 ilionyesha kwamba watu wazima kama 3 katika kila 10 hawajui kusoma. Hata kama vipimo havikuwa vilevile, hasara hiyo haifichiki.

Sasa ndugu msikilizaji, twende Mbweni, pembezoni mwa Kinondoni. Majumba mazuri yamejengwa huko, yenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Lakini mtoto wa Mbweni anayetaka kwenda Maktaba Kuu hana budi apite Tegeta, apite Mwenge, ndipo aingie mjini. Atafute nauli ya kwenda na kurudi kwanza, kitabu baadaye. Asipokwenda, tutasema hapendi kusoma?

Kujenga maktaba kila kata ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Lakini sanduku la vitabu halingoji mfadhili. Linaweza kukaa katika ofisi ya serikali ya mtaa, likiwa na daftari la kuandikisha waazimaji, na kila baada ya miezi michache likabadilishana na la mtaa jirani. Njia hiyo ilitumika hapa hapa kwetu kabla ya Uhuru, wakati wanaojua kusoma walikuwa wachache mno. Leo ni wengi. Tuwapelekee vitabu, kisha ndipo tuwahukumu.