Merikebu ya Angani Iliyotakiwa Kushuka Umakondeni

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma, unaiona Msumbiji ng'ambo. Ni nchi ya juu, yenye upepo, mikorosho na shida ya maji ya tangu enzi za mababu. Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jina la mji huu lilitumwa kwa simu ya upepo kutoka Ujerumani, likavuka Bahari ya Kati na jangwa la Misri, likapokewa na watu 22 waliokuwa angani Sudan. Lilifika limekosewa, limeandikwa Revala. Ujumbe wenyewe ulieleweka: ngome ya mwisho ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki, imeanguka, nchi yote ya Makonde imeshikwa na Waingereza, geuzeni mara moja.

Watu hao walikuwa njiani kuja huku kumletea msaada. Chombo chao kilikuwa zepelini L59 ya jeshi la wanamaji la Ujerumani, yenye urefu wa mita 226 na nusu, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiungwa kwa urefu. Ilijazwa haidrojeni mita za ujazo 68,500 na kusukumwa na injini tano za Maybach. Ndani yake kulikuwa na shehena ya tani zipatazo 15: bombomu 30, risasi kwa laki, magunia 61 ya dawa na bendeji, vipuri vya simu ya upepo, mapanga, darubini, vifaa vya kushonea na barua.

Safari ilipangwa ya kwenda tu. Haidrojeni ya kuijaza upya isingepatikana Afrika Mashariki, kwa hiyo chombo chenyewe kilihesabiwa kuwa sehemu ya shehena. Kikishatua, kitambaa cha ganda lake kingeshonwa mahema na nguo, mifuko ya gesi ingekuwa mifuko ya kulalia, mbavu zake za metali nyepesi zingejengea vibanda na mlingoti wa simu, na ngozi iliyotandikwa kwenye ujia wa ndani ingekatwa viatu. Mabaharia wenyewe wangepewa bunduki na kuingia porini pamoja na askari. Anayetaka kuwaelewa watu wa L59 aanzie hapo. Walipanda wakijua kwamba njia ya kurudi haipo.

Nahodha wao alikuwa Ludwig Bockholt, ofisa wa jeshi la wanamaji. Aprili 1917, akiwa na zepelini L23, aliiteka jahazi ya Norwe iitwayo Royal katika Bahari ya Kaskazini, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa chombo cha angani. Mwaka huohuo alikabidhiwa L57, iliyoandaliwa kwa safari hii ya Afrika, lakini Oktoba ikavunjwa na upepo na kuungua kule Jüterbog. Ndipo L59 ikaandaliwa haraka kushika nafasi yake. Pamoja naye alisafiri Max Zupitza, daktari aliyewahi kufanya kazi katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na ndiye aliyeishawishi serikali kwamba msaada unaweza kufika kwa njia ya anga.

Huku kwetu msaada huo ulihitajika kweli. Kati ya Oktoba 15 na 18 majeshi yalipambana Mahiwa, bara ya Lindi. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, lakini Lettow-Vorbeck naye alimaliza karibu akiba yake yote ya risasi za kisasa. Akarudi nyuma Chiwata, kisha Nambindinga, kisha Kitangari, akiacha wagonjwa na majeruhi kila alipopita. Novemba 20 alifika Newala. Hapo akachambua jeshi lake: mwenye nguvu za kutembea aende, asiyeweza abaki kuwasubiri Waingereza. Kesho yake akashuka kuelekea Ruvuma.

Kesho yake hiyo, Novemba 21, saa 2:30 asubuhi, ndipo L59 ilipong'oa nanga Jamboli, Bulgaria, baada ya majaribio mawili ya mwezi huo kushindikana. Ilipita Smirna na Krete, ikaingia Misri alfajiri ya Novemba 22, ikafuata jangwa kupitia oasisi za Farafra na Dakhla, ikaukuta Mto Nile karibu na Wadi Halfa. Mchana mng'ao wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa, na hewa ya moto ilikirusha chombo juu na chini hadi mabaharia waliozoea bahari wakatapika. Injini ya mbele ikaharibika. Hiyo ndiyo iliyoendesha mtambo wa kurushia simu, na tangu hapo waliweza kusikia tu, wasiweze kujibu. Usiku ukaja na baridi, gesi ikasinyaa, chombo kikaanza kushuka. Ili kisigonge vilima, wakatupa maji ya uzito na baadhi ya masanduku ya risasi walizokuwa wakiwaletea askari wa Umakondeni.

Ujumbe wa kugeuza uliwafikia usiku wa kuamkia Novemba 23, magharibi ya Khartoum. Kutoka hapo hadi Newala ni karibu kilomita 3,000, na mafuta yalikuwa yakitosha. Bockholt akatii. Asubuhi ya Novemba 25, saa 1:40, walitua tena Jamboli, baada ya saa 95 angani bila kutua na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuwavamia Wareno kule Ngomano, akajipatia kwao bunduki na risasi alizokuwa akizikosa.

Vitabu vingi hudai kwamba ujumbe ule ulikuwa hila ya majasusi wa Kiingereza. Ni simulizi tamu, na binafsi siikubali. Amri ilitoka Berlin na kurushwa na kituo chenye nguvu cha Nauen, na kiini chake kilikuwa kweli: Newala ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani. Kama zepelini ingeendelea, ingeukuta uwanda wote umejaa adui.

Miezi minne na nusu baada ya kurudi, Bockholt na chombo chake walikwisha. Aprili 7, 1918, L59, iliyokuwa sasa imegeuzwa chombo cha mabomu, iliondoka Jamboli kwenda kuishambulia Malta. Karibu na mlango wa bahari wa Otranto ilipita juu ya nyambizi ya Kijerumani UB-53, chini kiasi kwamba mabaharia wa nyambizi waliweza kuvitambua vibanda vyake. Muda mfupi baadaye wakaona mimweko angani, kisha moto mkubwa ukiangukia baharini. Bockholt na wote waliokuwemo walikufa. Si Waingereza wala Waitalia waliojitangaza kwamba ndio walioidungua, na Wajerumani wakaandika kuwa ni ajali.

Haya yote yanajulikana kwa sababu jeshi la wanamaji liliandika. Lilimwandika kila mtu kwa jina na cheo, na kila gunia kwa uzito wake. Sasa chukua tani zile 15 na uzipige hesabu ya huku. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa wa kilo 25 hadi 30. Siku L59 ingetua, watu zaidi ya 500 wangehitajika kuubeba mzigo wake kichwani, na wangetoka kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera wa vijiji vya jirani, kama walivyokwisha kutolewa maelfu wengine kwa pande zote mbili. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 95,000, wengi kwa kuhara damu, homa na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi chao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la historia hii, na bado linaweza kupunguzwa. Ewe msomaji wa Newala, Tandahimba, Masasi au Lindi, kama nyumbani kwenu husimuliwa habari za mzee aliyebeba mzigo katika Vita vya Mjerumani, waulize wakubwa wakiwa bado hai, uandike: jina lake na la baba yake, kijiji chake, alimbebea nani, alipita wapi, alirudi au hakurudi. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine ipeleke Nyaraka za Taifa.