Kitanda cha mwanafunzi: kutoka Mwisenge hadi Butiama

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoka na uamuzi uliopewa jina la mji huo. Wengi wanalikumbuka Azimio la Musoma kwa elimu ya msingi kwa wote, iliyotakiwa ifikiwe mwaka 1977. Lakini lilikuwa na upande wa pili, uliohusu chuo kikuu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita asingepokelewa tena moja kwa moja. Angepitia kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na hata hapo aende na pendekezo la mwajiri wake na la tawi la chama. Uamuzi huo uliopitishwa kando ya ziwa, jirani na Tarime na Mugumu, ulibadilisha watu waliolala katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Waliobisha hodi sasa walikuwa walimu, makarani na mabwana shamba, baadhi wakiwa wameacha familia nyumbani. Vyumba vilivyochorwa kwa ajili ya vijana waliotoka shule vikapokea baba na mama wa watoto.

Nimeanzia hapo kwa sababu watu wa mkoa wa Mara tumezoea kuisoma historia ya malazi ya wanafunzi kama habari za mbali, mambo ya Dar es Salaam. Kwa kweli inatugusa sisi kuliko wengi. Kutoka Tarime hadi Mlimani ni zaidi ya kilomita 1,300. Mwanafunzi wa Dar akikosa chumba, jioni atarudi kwao Tandika au Kimara, hata kama kwa tabu ya daladala. Aliyetoka Nyamongo, Sirari au Nata hana pa kurudi. Akikosa kitanda ndani ya chuo, masomo yake yako mashakani tangu wiki ya kwanza.

Bweni lenyewe si jambo jipya kwetu. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Butiama. Asingeweza kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo alilala shuleni. Ndiko alikokutana na rafiki yake mkubwa, Oswald Mang'ombe Marwa. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na 1943 Makerere. Elimu yake yote hadi hapo ilisimama juu ya kitanda cha bweni, na sidhani kama yupo msomi wa rika lake kutoka Mara ambaye njia yake ilikuwa tofauti.

Mtoto huyo, Julius Nyerere, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, katika majengo yaliyosanifiwa na kampuni ya Norman and Dawbarn ya Uingereza, na mabweni yakawekwa pamoja na kumbi za mihadhara tangu mwanzo. Waliopanga walijua kwamba wanafunzi watatoka kila pembe ya nchi. Serikali ililipa masomo, chakula na malazi. Lakini chumba hicho kilikuwa na masharti yake. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, zaidi ya 300 walifukuzwa na kurudishwa vijijini kwao, vyumba vikabaki vitupu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo waandishi wa habari za vyuo hulipita haraka: nani hukaa mezani kuamua juu ya vitanda hivyo. Februari 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka huo, ulioagiza mashirika ya umma yaunde Mabaraza ya Wafanyakazi. Miezi michache baadaye, Julai 1970, chuo cha Dar es Salaam kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, na Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU, akawa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Mambo hayo mawili yalizaliwa karibu pamoja, na nadhani yanapaswa kusomwa pamoja.

Baraza la Wafanyakazi lisichanganywe na Baraza la Chuo. Baraza la Chuo ndilo chombo kikuu cha uongozi, lenye wajumbe wa kuteuliwa na wa kuwakilisha. Seneti hushughulikia taaluma. Baraza la Wafanyakazi huongozwa na mkuu wa taasisi mwenyewe, na mbele yake hukaa wawakilishi wa idara na wa vyama vya wafanyakazi, kama RAAWU na THTU katika vyuo vyetu vya leo. Hukutana kujadili mpango wa kazi, utekelezaji, na zaidi ya yote bajeti, kabla haijapelekwa juu. Hoja ya Waraka wa 1970 ilikuwa kwamba anayefanya kazi anaijua kazi. Fundi bomba anajua ni koki gani haitoi maji ghorofa ya nne. Msimamizi wa bweni anajua paa lipi linavuja kabla ya masika. Hakuna mjumbe wa kuteuliwa anayeweza kumfundisha hilo.

Ukitazama vikao vya aina hii katika taasisi nyingi, utaona ajenda zinazochukua muda ni stahiki: malimbikizo ya mishahara, kupandishwa vyeo, posho, likizo. Siwalaumu wafanyakazi. Mtu anayedai haki yake kwa miaka hawezi kuanza kikao kwa habari za mabomba. Lakini matengenezo ya mabweni hukaa katika fungu la matumizi mengineyo, na fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Ikiwa mjumbe anayeijua hali ya bweni hakusimama pale kulitetea, hatasimama mwingine.

Kwamba wanafunzi na wafanyakazi wanaweza kusimama pamoja, Mlimani palishaonyesha. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi akilalamikia namna chuo kilivyoendeshwa. Askari wa kutuliza ghasia walimchukua, akarudishwa kwao. Mgogoro uliofuata ulilazimisha mjadala mkubwa juu ya nafasi ya wanafunzi na wahadhiri katika vyombo vya maamuzi. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu, UDASA ya Mlimani ikiwa mojawapo, zikatoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi uliofuata chuo kikafungwa baada ya mgomo wa wanafunzi, na hakikufunguliwa hadi 1991.

Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama katika miaka ya 1990, na chumba kikawa kitu cha kulipiwa. Idadi ya wanafunzi ikapanda, vitanda havikupanda kwa kasi hiyo. Ndipo neno *kubebana* likawa la kawaida Mlimani: mwenye chumba anamchukua mwenzake aliyekosa, wanalala wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, na chumba cha wanne kinakuwa cha saba au wanane. Vyoo na mabomba yaliyopimwa kwa idadi moja yakabeba maradufu. Uchakavu unaolalamikiwa katika mabweni ya zamani una chanzo chake hapo. Na aliyebebwa, mara nyingi, ni yule wa mbali.

Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua mabweni mapya Mlimani, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10. Ilikuwa ahueni kubwa, na lazima isemwe hivyo. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zikasambaa. Wakala ukaeleza kuwa ni nafasi zilizoachwa makusudi ili majengo yaweze kutanuka. Mjadala ule ulivuma nchi nzima. Mabweni ya zamani jirani yake hayakupata mjadala wa namna hiyo, kwa sababu ukarabati hauna utepe wa kukata. Makerere nayo, katika miaka ya karibuni, ililazimika kulifunga bweni maarufu la Lumumba kwa matengenezo makubwa, na kufunga bweni zima maana yake ni kuwatafutia mamia ya wanafunzi pengine pa kulala.

Kuna kundi moja ambalo kwangu haliwezi kuwa la mwisho katika foleni ya vyumba. Katika Tarime na Serengeti wapo mabinti ambao msimu wa ukeketaji ukifika hukimbilia nyumba salama, Masanga upande wa Tarime au Mugumu, ili wasikatwe na waendelee na shule. Wengine wamesoma hivyo hadi sekondari, likizo zao zote zikipita katika kitanda cha hisani. Binti kama huyo akifika chuoni na kuambiwa nafasi za hosteli zimekwisha, atapanga geto mtaani, kwa fedha ambayo familia iliyomkasirikia haitampa. Utaratibu wa kugawa vyumba unaomweka sawa na mwenye shangazi Sinza haujamtendea haki.

Leo mkoa una chuo kikuu chake, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama. Kilianza kujipanga katika majengo ya iliyokuwa sekondari ya Oswald Mang'ombe, jina la yule rafiki wa Mwisenge, na kiliingizwa katika mradi wa HEET wa kukuza elimu ya juu, uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021. Kutoka Mugumu utapita Nata na Sanzate. Kutoka Tarime utavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, ufike Makutano, uingie barabara ya Butiama. Ni safari ya saa chache, lakini bado si ya kwenda na kurudi kila siku.

Majengo mapya hayasumbui miaka ya mwanzo, na hapo ndipo fungu la matengenezo linapozoeleka kuandikwa dogo. Wafanyakazi wa Butiama wana nafasi ambayo wenzao wa Mlimani hawakuwa nayo mwaka 1970: wanaweza kuingia katika Baraza lao wakiwa na miaka zaidi ya 50 ya mfano mbele yao. Ombi langu kwao ni dogo. Bajeti ikiletwa, wasome kasma ya matengenezo ya mabweni kabla ya kufika kwenye posho, wamwite msimamizi wa bweni aeleze, na majibu yake yaandikwe katika muhtasari wa kikao.