Kujumuika, Kesi ya Haki ya (Kenya)

Daawa iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2013 na wakili Eric Gitari, baada ya bodi ya serikali ya kuratibu mashirika kuyakataa majina aliyoyapendekeza kwa jumuiya ya kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, kwa hoja kwamba Kanuni ya Adhabu yaharamisha vitendo vyao. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2, ilihukumu kwamba Kifungu cha 36 cha Katiba, kisemapo kila mtu, hakimtengi yeyote. Na hukumu hiyo, yenye insafu bila shaka, yazilazimu mahakama za Kitale na Bungoma sawasawa na za Nairobi. Hata hivyo, adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa vitendo hivyo, iliyothibitishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, haikuguswa.