Bonde la Msimbazi: Historia Iliyosahauliwa Kuonyeshwa

Mgeni anayeongozwa kuitazama Dar es Salaam hupelekwa kwanza bandarini. Huonyeshwa Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 katika zama za Sultani Majid wa Unguja. Kisha Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902. Kisha sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Vitu hivi vyastahili kuonwa, lakini husimulia zaidi habari za waliotawala. Habari za waliofanya kazi hazina minara. Ziko nyuma ya mji, katika bonde la Mto Msimbazi, na atakaye kuzijua hana budi kuufuata mto huo kwa miguu.

Msimbazi huchimbuka katika vilima vya Pugu, Kisarawe, ukateremka kiasi cha kilometa 35 hadi Bahari ya Hindi. Msitu wa Pugu ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye baadhi ya mimea na viumbe visivyopatikana kwingineko duniani. Vilima hivyo hivyo hulisha Mto Kizinga, uelekeao Temeke, ambao maji yake husafishwa Mtoni kwa matumizi ya mji. Kabla ya kuwa na kiwanda chochote, basi, mji huu ulikuwa na deni kwa vilima vya Pugu.

Viwanda havikulifuata bonde kwa bahati. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Na njia ya reli kutoka bandarini hadi Pugu ilipita pembezoni mwa bonde. Palipo na reli, bandari karibu, ardhi tambarare na mto wa kuchukua taka, kiwanda hakikosi kuja. Ndivyo Barabara ya Pugu, ambayo leo ni ya Nyerere, ilivyopata viwanda vyake. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Kiliwapa wananchi khanga, vitenge na ajira, na hayo yalikuwa matunda ya Uhuru yaliyoshikika mkononi. Lakini maji machafu ya kiwanda yaliteremkia bondeni, yakakutana na yale ya machinjio na viwanda vya ngozi vya Vingunguti. Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya metali nzito katika mboga zilizolimwa kandokando ya Msimbazi na Sinza. Nguo ilivaliwa na taifa zima. Gharama yake iliingia katika mchicha wa watu wa bondeni.

Watu hao walifikaje huko? Mpango wa mji wa mwaka 1949 uliyaacha mabonde wazi yawe njia za upepo na mipaka kati ya mitaa iliyotengwa kwa rangi za watu. Mipango ya 1968 na 1979 nayo haikuyahesabu kuwa mahali pa kujenga nyumba. Hata hivyo mji ulihitaji vibarua wengi kuliko viwanja uliovipima, na asiye na kiwanja hujenga mahali asipofukuzwa upesi. Wala wakazi hawakukaa kimya. Mwaka 1988 watu wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kumwaga taka karibu na makazi yao, wakashinda. Na mwaka 1991 Mahakama Kuu ilikataa kuiongezea halmashauri muda wa kuendelea. Taka zikahamishiwa Vingunguti, katika bonde lile lile.

Maji hufuata mkondo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mjini, na baadhi ya waliookoka walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, nayo ikaingiliwa na maji mara kwa mara. Haiwezi kusemwa, basi, kwamba ni maskini peke yake asiyejua tabia ya mto.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza bonde. Katika mpango huo karakana ihamishwe, daraja la Jangwani liinuliwe, na sehemu ya chini ya bonde igeuzwe kuwa bustani. Ni jambo jema mto kurudishiwa nafasi yake. Ila bustani nzuri yaweza kufuta kumbukumbu kuliko mafuriko, maana mafuriko huacha alama ukutani. Atakayewaongoza watu humo, kutoka Kigogo hadi mikoko iliyo karibu na Daraja la Selander, asiwaonyeshe ndege na miti tu. Awaambie kwamba hapa palilimwa mboga zilizoulisha mji, pale palisimama nyumba, na ya kwamba rangi iliyowahi kuonekana majini ilitoka katika nguo walizovaa wazazi wao.