Mbawakawa mpya msituni: hupataje jina?

Chonga anajulikana sana Salale na kwingineko kwenye minazi. Ni yule mbawakawa mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, huku funza wake wakikulia kwenye magogo yaliyooza. Wataalamu walimpa jina tangu 1789: Oryctes monoceros. Wenzake wengi wa msituni bado hawana jina, ingawa mbawakawa waliokwisha kutajwa duniani wanakaribia spishi 400,000.

Mfano wa karibu ni wa 2017. Mtafiti wa Kanada, Vasily Grebennikov, alitangaza kundi jipya la wadudu wa misitu ya Afrika Mashariki, akaliita Lupangus. Ni ndugu wa mbali wa fukusi wa mahindi, ila hawawezi kuruka. Mdudu asiyeruka hatoki mlima mmoja kwenda mwingine kirahisi, kwa hiyo msitu mmoja ukiisha, huenda na yeye akaisha.

Wadudu wa namna hii hawakamatwi kwa taa. Huishi chini ya majani makavu. Mtafiti hukusanya majani yaliyooza, akayapepeta kwa chekeche yenye matundu makubwa, kisha kinachopita hukiweka kwenye mifuko ya wavu iliyotundikwa. Majani yakianza kukauka, wadudu hushuka wakitafuta unyevu na kuangukia kwenye kikombe cha spiriti. Kabla ya hapo lazima awe na kibali cha utafiti cha COSTECH, na ruhusa ya wenye msitu, kwa mfano TFS kwenye hifadhi za misitu za serikali.

Kazi ndefu huanzia mezani. Mdudu hupimwa chini ya hadubini: urefu, vinyweleo, vipapasio, mistari ya mgongoni. Spishi mbili zaweza kufanana kabisa kwa nje, hivyo mara nyingi dume hupasuliwa ili viungo vyake vya uzazi vichunguzwe, maana humo ndimo tofauti huonekana. Siku hizi vinasaba navyo hulinganishwa. Halafu mtafiti husoma maandishi ya zamani, hata ya miaka 200 iliyopita, na kulinganisha na wadudu waliohifadhiwa makumbusho. Akikuta mwingine alishamtaja, jina la kwanza ndilo linalobaki. Hapa ndipo wengi hukwama kwa miaka.

Akiridhika kwamba ni mpya, huchagua mdudu mmoja awe kielelezo rasmi, huyo akatunzwa makumbusho, na kila mwenye ubishi baadaye atarudi kumwangalia huyo huyo. Maelezo yakishachapishwa pamoja na jina la maneno mawili, spishi imezaliwa kwa wanasayansi.

Kwa nini msumbuko wote huu? Kiumbe kisicho na jina ni vigumu kukitetea, kwa sababu ni nadra kuandikwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Tazama chura wa Kihansi. Mto Kihansi humwaga maji Kilombero, nao Kilombero huingia Rufiji, kwa hiyo maji yale hatimaye hufika kwenye delta yetu. Chura huyo mdogo, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alionekana 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko, wakati mradi wa umeme ukiwa tayari unajengwa. Alipewa jina rasmi muda mfupi baadaye. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Kizazi cha wale waliotunzwa kilianza kurudishwa Kihansi 2012. Kama angechelewa kugunduliwa miaka michache tu, sioni ni nani angewakusanya.

Jina lenyewe si lazima litoke Ulaya. Sheria za kutaja wanyama huruhusu neno la lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Yule nyani wa Rungwe aliyetangazwa 2005 alipewa jina lile lile walilokuwa wakilitumia wenyeji, kipunji. Wawindaji wa huko walikuwa wakimtaja kabla watafiti hawajamwona kwa macho yao.