Jiwe Jeusi na Dawa Iliyokaa Mbali

Katika familia ninazozitembelea kwa kazi yangu ya vijana, kuna kitu kidogo ambacho mara nyingi hukaa kwenye kitambaa kimoja na karatasi za utambulisho na picha za marehemu. Ni jiwe jeusi, jepesi, la ukubwa wa kidole gumba. Watu walivuka nalo mto Rusizi wakati hata sufuria ziliachwa. Mtu akiumwa na nyoka, wanachanja kidogo pale palipoumwa, wanaliweka, nalo linang'ang'ania ngozi lenyewe mpaka lidondoke. Halafu linachemshwa kwenye maji, likae ndani ya maziwa, na linarudishwa kwenye kitambaa kumngoja mwingine.

Kwa kweli si jiwe. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa makaa. Linang'ang'ania kwa sababu lina vitundu vidogo vinavyofyonza damu, basi. Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu wamisionari Wakatoliki walisaidia sana kulieneza, pamoja na karatasi ya maelezo ya jinsi ya kulitumia. Lakini safari yake ni ndefu kuliko hiyo. Katika karne ya 17 watawa waliotoka India walipeleka Italia mawe ya namna hii wakiyasifia. Daktari mmoja wa huko, Francesco Redi, aliyajaribu kwa wanyama walioumwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1671 akaeleza kwamba hayakusaidia. Mwaka 2007 watafiti, mmoja wao Jean-Philippe Chippaux, walichapisha kwa Kifaransa jaribio jipya juu ya jiwe letu hili hili, kwa panya waliodungwa sumu ya nyoka wa Afrika. Jibu lilikuwa lile lile.

Sasa mtu atauliza: kama halifanyi kazi, mbona kila ukoo una mtu aliyeponyeshwa nalo? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na ni swali zuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, lakini wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Yaani nusu ya walioumwa, au zaidi, hawakupata sumu kabisa. Nyoka hakuwa wa sumu, au alikuwa wa sumu lakini akauma bila kuimwaga. Hao wangepona hata ungewawekea kipande cha sabuni. Jiwe linabeba sifa za nusu hiyo. Katika ile nusu nyingine, wanaokufa wanazikwa, na tunasema nyoka alikuwa mkali sana, au alitumwa na mtu.

Wilaya hii ya Rusizi, ambayo kabla ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, haina mazingira ya aina moja, na nyoka wake pia hawako sawa. Juu kuna vilima vya chai na baridi. Mashariki kuna Nyungwe, na kipande chake kilichobaki peke yake, Cyamudongo. Kusini unateremka mpaka Bugarama, joto tupu, mashamba ya mpunga mpaka mtoni. Mpunga unaleta panya na vyura, panya na vyura wanaleta nyoka. Huko yuko bafe, ambaye Wanyarwanda wanamwita impiri, mnene, mvivu, anayelala njiani akisubiri umkanyage. Yuko pia swila, incira, anayetema sumu kwenye macho.

Wazee wetu waliishi na hawa wote, na hawakuwa wajinga. Ua wa nyumba ulifagiliwa kila asubuhi mpaka udongo uonekane mtupu, kwa sababu kwenye udongo mtupu unamwona nyoka na yeye hana pa kujificha. Kuni hazikuwekwa karibu na mlango. Bibi yangu alitukataza kumtaja nyoka usiku, tuseme "kamba" tu. Nilidhani ni hofu yake, lakini sasa naona kwamba neno lile lilitufanya tuangalie chini kila tunapotoka gizani.

Kambini mpangilio huo ulivunjika. Nyumba zimesongamana, ukuta ni turubai, shitingi kama tunavyosema, na chini yake pana nafasi ya mkono kupita. Mahindi ya msaada yako chini, karibu na kichwa cha mtoto. Panya wanafurahi. Kuni tunazifuata mbali, kwenye vichaka tusivyovijua. Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika wanahesabu lita za maji na idadi ya vyoo, jambo jema, lakini bado sijaona mtu akipima upana wa ile nafasi chini ya turubai.

Niende kwenye dawa yenyewe, maana ina historia ya ajabu. Mwaka 1891 mafuriko yalikipiga kijiji kimoja cha Bac Lieu, kusini mwa Vietnam, na swila wakakimbilia ndani ya nyumba za watu. (Maji yakiwafukuza, na wao ni wakimbizi kama sisi.) Watu wakaumwa, wengine wakafa. Daktari Mfaransa Albert Calmette alikuwa Saigon wakati huo, akaanza kuichunguza sumu yao. Mwaka 1894, yeye kwa upande wake, na Césaire Phisalix pamoja na Gabriel Bertrand kwa upande wao, walitangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo inaweza kumkinga mwingine. Mpaka leo dawa inatengenezwa hivyo. Farasi anadungwa sumu kidogo, anaongezewa, mwili wake unajifunza kupigana nayo, kisha wanachukua sehemu ya damu yake na kuisafisha. Huko Brazili, Vital Brazil alionyesha kwamba dawa ya nyoka wa Asia haiwezi kumsaidia aliyeumwa na nyoka wa kwao. Kila eneo linahitaji dawa iliyotokana na nyoka wake.

Basi nyoka wetu je, hawakujulikana? Walijulikana vizuri sana. Takriban kilomita 40 kaskazini ya Bukavu, pale Lwiro, Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, na nyoka walioingizwa kwenye chupa huko bado wapo. Mwaka 1962, mwaka ule ule Rwanda na Burundi zilipopata uhuru, Gaston-François de Witte alichapisha kitabu juu ya nyoka wa Kongo na Ruanda-Urundi. Baadaye Mkongomani, Chifundera Kusamba wa Lwiro, aliandika mwaka 1987 juu ya mimea wanayotumia waganga kupigana na sumu, na mwaka 1990 juu ya nyoka wa Zaire na kuuma kwao. Majina ya nyoka yalifika Ulaya mapema. Dawa ndiyo iliyokawia kurudi.

Na hata ile iliyorudi haikukaa. Kampuni ya Sanofi Pasteur ilitengeneza Fav-Afrique, dawa moja iliyolenga aina kumi za nyoka wa Afrika. Mwaka 2014 ikaacha kuitengeneza, na chupa za mwisho zikaisha muda mwaka 2016. Soko lilikuwa gumu, na wanaoumwa ni wakulima na wachungaji, watu wasio na pesa. Mwaka uliofuata, 2017, ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2030.

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliumwa na bafe akikata majani upande wa Bugarama. Jiwe lilikaa kwenye mguu wake usiku mzima na asubuhi yake, huku mguu ukivimba mpaka ngozi ikapasuka. Alipofikishwa kwa madaktari, mguu haukuwezekana tena. Mama yake hakukosa akili. Jiwe lilikuwa mkononi, hospitali ilikuwa mbali, na nauli ya moto usiku si mchezo.

Baada ya hapo nilienda kwa mzee anayetunza jiwe katika mtaa wetu. Nilimweleza habari za Redi na za panya. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika.

"Mtoto wangu," akasema, "hii jiwe baba yangu aliipata kwa mapadri. Mimi minaiona na macho yangu. Ile dawa yako ya farasi, siyaiona hata siku moja. Weye uliiona?"

Sijawahi kuiona.

Tulikaa pale muda mrefu, na tukapatana hivi. Mtu akiumwa, hakuna kufunga kamba kwa nguvu, hakuna kuchanja, hakuna kuchoma. Pete na bangili zitolewe kabla mwili haujavimba. Mguu au mkono utulizwe, usitikisike. Swila akitema kwenye macho, maji safi mengi, muda mrefu. Na jiwe, anayelitaka alipate, bila wembe, ila liwekwe mgonjwa akiwa tayari amepanda moto kwenda hospitali. Hiyo ya mwisho ilikuwa sharti la mzee, na sikuona sababu ya kukataa.

Vijana walianza na turubai. Wiki mbili walijaza udongo chini yake nyumba kwa nyumba, wakainua magunia ya mahindi juu ya mbao, wakahamisha kuni. Wenye vyandarua wameonyeshwa kuvichomeka chini ya godoro au mkeka pande zote.

Mzee alikuja kuangalia kazi, akaniagiza jambo moja. Niwaulize wenye hospitali kama ile dawa iko kwenye friji yao kweli, ni ya nyoka wa wapi, na chupa ngapi. Barua tumeiandika pamoja, yeye akiwa wa kwanza kutia sahihi. Imeondoka Jumanne.